Usihadaike na paa linalojikunja

HUENDA umewahi kukiona. Umekwama kwenye msongamano wa Ngong Road, jasho linakutiririka ndani ya matatu, mara kando yenu kinasimama kigari kifupi, cheusi, kisicho paa. Ndani yake wameketi watu wawili tu, miwani ya jua machoni, utadhani msongamano huo hauwahusu. Abiria wote wanageuza shingo. Utingo anapiga mluzi. Nawe moyoni unajiambia kwamba siku moja, Mungu akijalia, itakuwa zamu yako.

Makala haya, msomaji, ni ya siku hiyo. Wala usidhani iko mbali sana, kwani magari ya aina hii hayako tena mikononi mwa matajiri peke yao. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilimgharimu mwenyewe fedha za kununua ploti na kujenga nyumba, likifikisha umri wa miaka 15 au 20 huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya gari dogo la kawaida kutoka Japani. Hapo ndipo mtego ulipo. Bei ya kulinunua hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haijui kwamba gari limezeeka.

Nayaandika haya kwa sababu mapema mwaka huu shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliacha kazi aliyoifanya kwa miaka 18, akalipwa haki zake zote. Wana watoto wawili, na mkubwa ameingia sekondari. Jioni moja shemeji alinipigia simu, sauti ameishusha kama mtu anayeficha jambo. "Shemeji, Jumamosi una nafasi? Kuna gari nataka tukalitazame. Lakini dada yako usimwambie kwanza."

Nilimwambia dada, bila shaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Lina viti vingapi?"

Gari lenyewe lilikuwa Mercedes-Benz SLK 200 Kompressor la mwaka 2006, bei shilingi milioni moja na laki tatu. Herufi hizo SLK zinatokana na maneno matatu ya Kijerumani, sportlich, leicht na kurz, yaani la kimichezo, jepesi na fupi. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Cha pili, ambacho ndicho tulichokwenda kukitazama, kiliundwa huko Bremen, Ujerumani, kuanzia 2004 hadi 2011. Cha tatu kikafuata, mwaka 2016 kikabadilishwa jina kuwa SLC, na mwaka 2020 kampuni ikaacha kuliunda kabisa.

Kilicholipa gari hili sifa ni paa lake. Magari mengi ya kufunguka yana paa la turubai. Hili lina paa la chuma ambalo ukibonyeza swichi hujivunja vipande viwili na kujilaza ndani ya buti, na kwa kizazi hiki cha pili kazi yote huchukua sekunde 22. Si wazo jipya. Wafaransa wa Peugeot walikuwa na gari la paa kama hilo miaka ya 1930, na Ford ya Marekani ikaunda lake mwaka 1957. Lakini SLK ndilo lililofanya watu wa kawaida wazoee kuliona barabarani.

Kabla hatujaondoka nyumbani, fahamu jambo moja la sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane, wala lenye usukani upande wa kushoto. Kwa hivyo SLK la 2006 huwezi kuliagiza leo. Utalinunua hapa hapa kutoka kwa mtu aliyeliingiza lilipokuwa bado kijana. Anayetaka kuagiza amebakiwa na SLC za miaka ya mwisho mwisho, na hata hizo aziangalie vyema, kwani huko Japani wapenzi wengi wa magari ya Ulaya walipenda kuyanunua na usukani wake wa kushoto. Picha kwenye simu huenda isikuonyeshe hilo vizuri. Nakala ya hati za gari itakuonyesha.

Jumamosi ilipofika tulimchukua fundi mmoja mzee ambaye amefungua na kufunga Mercedes tangu nikiwa shule ya msingi. Malipo yake ya asubuhi nzima hayakufika hata sehemu moja kwa mia ya bei ya gari. Ikiwa utasahau yote mengine niliyoandika hapa, usisahau kwenda na fundi wako mwenyewe. Usikubali fundi wa muuzaji, wala binamu yako "anayeelewa elewa magari".

Tulilikuta gari limeoshwa likameremeta, limeegeshwa chini ya mti, paa wazi. Shemeji alisahau hata kumsalimu mwenyewe. Fundi, kwa upande wake, hakutazama rangi wala viti. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja cha mkono juu ya boneti.

"Bwana, umeliwasha asubuhi hii?" akauliza.

"Nililisogeza tu kidogo ili nilioshe, mzee."

"Haya. Basi tutangoja lipoe."

Tulingoja karibu saa mbili. Muuzaji, ambaye nilimwona ni muungwana, alituletea chai. Shemeji alikuwa anauma kucha. Lakini fundi alikuwa na sababu. Injini iliyopoa haiwezi kusema uongo. Ikiwa na ugonjwa, utausikia katika sekunde zile za kwanza mafuta yanapokuwa bado hayajapanda juu. Ikishapata moto, sauti nyingi mbaya hujificha.

Lilipowashwa, kwa sekunde tatu hivi tulisikia mlio kama wa mtu anayetikisa sarafu ndani ya mkebe, kisha kimya. Shemeji hakuusikia. Fundi alimtaka muuzaji alizime.

Injini ya SLK 200 ni ndogo, lita 1.8 tu, lakini ina kompresa inayoisukumia hewa kwa nguvu, na hivyo kutoa nguvu za farasi 163. Ni injini nzuri kwa jumla. Ina udhaifu wa aina mbili ambao mafundi wanaujua. Wa kwanza ni cheni ya taimingi, ambayo kadiri miaka inavyopita, hasa mafuta yakicheleweshwa kubadilishwa, hulegea na kurefuka. Mlio ule wa sarafu ndio kilio chake. Ikiruka meno, vali hugongana na pistoni, na hapo huna injini tena.

Wa pili ni mjanja zaidi. Mbele ya injini kuna sumaku ndogo mbili zinazosaidia kurekebisha mwendo wa vali. Zikizeeka huanza kuvujisha mafuta ndani kwa ndani, na mafuta hayo hutambaa ndani ya nyaya, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye utambi, hadi yakafikia kompyuta ya injini. Sumaku yenyewe si ghali. Nyaya na kompyuta ndizo zitakazokufanya uuze mbuzi. Fundi alichomoa plagi ya sumaku, akaipangusa kwa kitambaa cheupe, akatuonyesha. Kulikuwa na unyevu wa mafuta, si mwingi. Akafuata waya hadi mwisho wake, akachomoa tena. Huko kulikuwa kukavu. "Mna bahati," akasema. "Hayajafika."

Ikiwa gari unalolitazama ni lile lenye silinda sita, SLK 280 au SLK 350, ugonjwa wake ni mwingine. Injini zake zilizoundwa kabla ya mwishoni mwa 2006 zina gurudumu moja la meno, lile linalozungusha shafti ya kusawazisha mtikisiko, ambalo huliwa kabla ya wakati wake. Kulibadilisha ni lazima injini itolewe nje. Mwambie fundi asome namba ya injini, aulizie kama ni miongoni mwa zile za mwanzo, na akuunganishie mashine ya kusoma kasoro. Nayo mashine hiyo uitumie hata kwa gari lisilo na taa ya hatari kwenye dashibodi, maana kuna wauzaji wanaofuta kasoro zote asubuhi ya kukuuzia, nazo huchukua siku kadhaa kurudi.

Kisha tukaja kwenye paa lenyewe. Hapa nawaomba mtulie nami kidogo, kwani ndipo watu wengi wanapoona paa likifunguka mara moja, wakapiga makofi, na kutoa pesa mfukoni.

Paa hili halisukumwi na mori wala miujiza. Linasukumwa na mafuta ya haidroliki yanayopigwa na pampu ya umeme, yakapita katika mabomba membamba hadi kwenye mikono kadhaa ya chuma. Kuna pia vihisio vingi vinavyoiambia kompyuta kila kipande kiko wapi. Kihisio kimoja kikikosea, kila kitu husimama. Ndani ya buti kuna pazia dogo ambalo lazima livutwe na kufungwa kabla paa halijakubali kusogea, ili lisiponde mizigo. Muuzaji wetu alilifunga bila kuambiwa, ishara kwamba analijua gari lake. Buti ambalo paa likiwa juu hubeba lita 300, paa likishuka hubakia na lita 208 tu. Pima mifuko yako ya sokoni kwa hesabu hiyo.

Fundi aliagiza injini iachwe ikinguruma ili betri isichoke, kisha paa lifunguliwe na kufungwa mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi, ingawa pampu ilianza kulia kwa sauti nyembamba. Mara ya tatu paa lilipanda, likafika katikati, likasimama. Likabaki hivyo, limeinua mikono juu mithili ya mtu aliyekamatwa na polisi.

Muuzaji alibonyeza tena. Wapi! Akabonyeza tena. Baada ya dakika kadhaa likashuka. "Halijawahi kufanya hivi," akasema, na mimi binafsi nilimsadiki. Ni wachache wanaofungua paa mara tatu kwa asubuhi moja. Fundi aliingiza mkono nyuma ya kitambaa cha buti, vidole vikatoka vinang'aa mafuta. Mkono mmoja wa haidroliki ulikuwa unavuja kwenye sili yake, na mafuta yalikuwa yamepungua. Si kifo. Mikono hiyo huweza kufunguliwa na kutiwa sili mpya. Lakini hebu waza hali hiyo ikikupata Uhuru Highway mwezi wa Aprili, wingu limetanda, nawe paa lako liko nusu ya safari.

Baada ya hapo aliomba ndoo ya maji. Paa likiwa limefungwa, alimwaga polepole kwenye maungio, juu ya vioo na pale kipande cha mbele kinapokutana na cha nyuma. Kisha akaingiza kiganja chini ya zulia, mbele ya kiti cha abiria, akapapasa. Mpira unaoziba maungio hayo hukaushwa na jua letu, ukapasuka na kupitisha maji, na maji yakikaa chini ya zulia huoza nyaya bila mwenyewe kujua. Mipira ya gari hili ilikuwa bado laini. Mwenye gari la aina hii aipake grisi yake maalumu kila baada ya miezi michache, na jambo hilo halihitaji fundi.

Chini ya gari tulikuta mikwaruzo tele, jambo lisiloshangaza. Kigari hiki kiliundwa kwa barabara za Wajerumani, na matuta yetu hayakujengwa na mtu aliyekiwaza. Angalia sana kinga ya chini ya injini, bomba la moshi na sehemu ya chini ya bampa. Kwa gari lililotoka Uingereza tafuta kutu, kwani huko barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Lililoishi Mombasa karibu na bahari vilevile. Magurudumu yake yasome: pembeni mwa kila taya kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho mwaka wa kuundwa. Haya yetu yalikuwa na meno mazuri, lakini mawili yalikuwa yamefikisha miaka tisa. Vuta pia mikanda ya usalama hadi mwisho wake. Ukikuta tope au madoa ya maji huko ndani kabisa, gari hilo lilizama mahali fulani.

Mita ilionyesha kilomita 71,000. Kitabu cha huduma kutoka Japani kilikuwapo, mhuri wake wa mwisho ukiwa wa mwaka 2012, kilomita 64,000. Shemeji alinitazama kwa furaha. Miaka yote hiyo, kilomita 7,000 tu! Fundi hakusema kitu. Alifungua boneti tena, akainama, akafuta vumbi kwenye kibandiko kidogo kilichobandikwa na gereji moja ya mjini baada ya kubadilisha mafuta. Kiliandikwa kwa kalamu: huduma ijayo, kilomita 118,000.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Muuzaji aliapa kwamba yeye alilinunua hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, na huenda ni kweli, maana mita hurudishwa nyuma na yeyote aliyewahi kulimiliki. Kwa gari litokalo nje una njia za kujikinga. Hati ya kusafirishia gari kutoka Japani huandikwa kilomita zake. Kwa lile la Uingereza, ukiwa na namba yake ya usajili ya huko, unaweza kusoma bure rekodi za ukaguzi wake wa kila mwaka, maili zikiwa zimeandikwa. Kwa gari lililokaa hapa nyumbani muda mrefu, tegemea macho. Ngozi ya usukani, mpira wa pedali na ukingo wa kiti cha dereva havirudishwi nyuma na mtu.

Kwa upande wa karatasi mambo yalikuwa shwari, na nisiwachoshe. Tulitafuta rekodi ya gari kwenye mtandao wa NTSA, jina likawa la muuzaji mwenyewe, bila benki wala mkopeshaji kuandikwa kando yake. Namba ya chesisi ilikuwa ile ile kwenye gari na kwenye rekodi, tarakimu na herufi 17, ikianza kwa WDB na kufuatiwa na 171, ambayo ndiyo alama ya kizazi hiki. Ukikuta ya kwako haisemi hivyo, ondoka upesi. Uliza pia kampuni yako ya bima mapema, kwani nyingi husita kulipa gari la umri huu bima kamili.

Lakini hesabu iliyokuwa akilini mwa dada yangu haikuwa ya cheni wala pampu. Gari lina viti viwili. Nyumbani kuna watu wanne. Aidha, kwenye gari lisilo na kiti cha nyuma, mtoto hana pa kuketi ila mbele, penye mfuko wa hewa. Kiti cha kitoto mchanga kinachotazama nyuma hakifai kabisa kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka waweza kumuua. SLK hili lina kihisio kinachouzima mfuko huo, lakini hukitambua tu kiti maalumu cha Mercedes chenye alama yake ndani. Kile ulichokinunua dukani hakitambui. Watoto wa dada yangu wamepita umri huo, lakini nayasema kwa sababu najua wengi wanaosoma ukurasa huu bado wana wachanga.

Fundi alituandikia hesabu yake nyuma ya bahasha: cheni na vifaa vyake, sumaku mbili na nyaya zake, sili za paa, magurudumu mawili. Ilikaribia laki tatu, bila kuhesabu ambayo hatukuyaona. Shemeji alimwambia muuzaji kwamba angelipa milioni moja kasoro laki moja. Muuzaji akakataa kwa adabu. Tulipeana mikono, tukarudi kwa matatu. Njia nzima shemeji alitazama nje dirishani.

Jioni hiyo waliketi, yeye na dada, kwenye meza ya kulia chakula, nami nikiwa shahidi. Karo ya miaka minne ya mtoto mkubwa ilitengwa kwanza, ikaingizwa katika Sacco kwa jina la dada. Kisha dada akasema kwamba kilichobaki ni jasho la mumewe, alinunulie anachotaka, ila ahifadhi robo yake kwa fundi. Na gari lao la zamani, lile lenye viti vitano, haliuzwi.

Wiki tatu baadaye muuzaji alipiga simu. Amekubali laki tisa na nusu. Shemeji hajamjibu, kwa kuwa amesikia kuna lingine Nakuru la mwaka 2009, limetunzwa na mama mmoja mstaafu, risiti zote zipo. Tunakwenda kulitazama Jumamosi ijayo. Fundi ameshaagiza muuzaji asiliwashe asubuhi, na safari hii dada amesema naye atakuja.